Jiko nyuzi elfu tano, moshi wake nyuzi milioni

Mdogo wangu alinirushia video usiku mmoja alafu akafuatisha na meseji moja tu, "kaka hebu nijibu hii". Video yenyewe ya dakika kama ishirini, jamaa anaongea vizuri, michoro yake imetulia, na hoja yake kubwa ni hii: uso wa jua una joto la nyuzi kama 5,500 za selisiasi, lakini lile tabaka la nje kabisa la hewa yake, linaloitwa korona, lina nyuzi milioni moja, mbili na kuendelea. Sa anauliza, umeona wapi jiko ambalo ukisogea mbali nalo ndo unazidi kuungua? Akamalizia kwamba basi tanuru haliko ndani ya jua, wanasayansi wametudanganya karne nzima, jua linalishwa umeme kutoka nje huko angani kama bulbu inavyolishwa na waya.

Sikuwa na jibu. Nilijua kwamba jua linaunganisha haidrojeni kuwa heliamu, hicho kila aliyepita darasani anakijua, ila ungeniuliza tumejuaje, nani kashuka kule ndani akaona, ningebaki nimekutolea macho. Na namba alizotaja ni za kweli, nilizikagua zote. Nikamwandikia mdogo wangu "nipe muda", na muda wenyewe ukaja kuwa miezi.

Nilichokuja kukiona ni kwamba ile video imechukua maswali mawili ikayafunga kamba moja. Swali la kwanza ni jua linapata wapi nguvu yake. La pili ni korona inapashwa na nini. La kwanza limeshajibiwa, na jibu lake limepimwa kwa namna ambayo mi binafsi nikiifikiria bado nasisimka. La pili mpaka leo wataalamu wanabishana kwelikweli, wenyewe kwa wenyewe, na wala hawafichi. Ukibeba ubishi wa la pili ukaenda kubomolea la kwanza, umechanganya mafaili.

Tuanze na la kwanza, na tusiwadharau wa zamani maana walikuwa na akili sana. Kitu cha kwanza kukujia kichwani ni moto wa kawaida, lakini ukipiga hesabu ya jua lote kuwa makaa ya mawe linaisha ndani ya miaka elfu chache tu, kwahiyo hilo lilitupwa mapema. Mjerumani Julius Mayer miaka ya 1840 akasema labda vimondo vinaligonga jua mfululizo na kulipasha. Baadaye Helmholtz mwaka 1854 na Lord Kelvin baada yake wakaja na wazo zuri kweli, kwamba jua linasinyaa. Uzito wake unalivuta kuelekea ndani, na kitu kikianguka kinatoa joto, kwahiyo jua likipungua unene kidogokidogo linaweza kuwaka miaka milioni kadhaa. Mwaka 1862 Kelvin akaweka umri wa jua kwenye makumi ya mamilioni ya miaka.

Shida ikawa kwa wanajiolojia. Darwin mwaka 1859 alikuwa ameshakadiria kwamba bonde moja tu la kusini mwa Uingereza limechimbwa na maji na hewa kwa miaka kama milioni 300, na viumbe navyo vilihitaji muda mrefu kubadilika. Sa ardhi ingekuwaje mzee kuliko jua linaloiangazia? Kelvin alikuwa na hesabu, wale walikuwa na mawe, na kwa miaka mingi hesabu ndo ilionekana imeshinda. Ila kuna kitu kimoja kwa Kelvin ninachokiheshimu mno. Katika andiko lake la 1862 aliacha mlango wazi, alisema hesabu hiyo ni kweli isipokuwa kama kuna chanzo cha nguvu ambacho hatujakijua bado. Na kilikuwepo. Hakukosea hesabu, kilichokosekana ni kitu ambacho hakuna mtu yeyote duniani wakati ule angeweza kukiweka kwenye hesabu.

Mlango ukafunguliwa na Becquerel 1896 alipogundua unururifu, kwamba ndani ya atomi kuna nguvu imekaa tu. Einstein 1905 akaonyesha kwamba uzito na nguvu ni kitu kimoja. Alafu mwaka 1920 Francis Aston akapima atomi kwa usahihi wa hali ya juu akakuta haidrojeni nne kwa pamoja ni nzito kuliko heliamu moja, tofauti ni kama asilimia 0.7. Ndogo sana. Lakini Arthur Eddington mwaka huohuo akaidaka akasema hapo ndipo linapokula jua, haidrojeni nne zikiungana ile asilimia 0.7 inapotea kama uzito na kutoka kama nguvu. Leo tunajua ni tani kama milioni 600 za haidrojeni kila sekunde, na kati ya hizo tani kama milioni 4 ndo zinageuka kuwa nguvu, kila sekunde, na limefanya hivyo kwa miaka bilioni 4.6.

Wakati Eddington anasema hayo lakini, watu waliamini jua limeundwa na vitu kama vya ardhini, chuma na wenzake. Mwaka 1925 Cecilia Payne, binti wa miaka 25, akiandika tasnifu yake ya udaktari kule Harvard akakuta haidrojeni kwenye nyota ni nyingi kuliko vingine kwa kiwango cha kutisha. Mkubwa wa fani wakati ule, Henry Norris Russell, akamwambia haiwezekani, na Payne akalazimika kuandika ndani ya tasnifu yake mwenyewe kwamba matokeo hayo karibu kwa hakika si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell kwa njia zake akafika palepale, akakubali. Mi hili linaniuma kila nikilisoma, kwa sababu namba alikuwa nazo mkononi na akaambiwa azikane.

Kikabaki kikwazo cha joto. Katikati ya jua ni nyuzi kama milioni 15, na kwa fizikia ya zamani hilo joto halitoshi, protoni mbili, yaani viini vya haidrojeni, zinasukumana kabla hazijagusana. Gamow mwaka 1928 akaonyesha kwamba chembe ndogo kiasi hicho zina uwezo wa kupenya ukuta ambao hazina nguvu ya kuuruka, na mwaka uliofuata Atkinson na Houtermans wakalipeleka wazo hilo kwenye nyota. Mwaka 1938 na 1939 Hans Bethe, mwanzoni akiwa na Critchfield, akaandika hatua kwa hatua jinsi muungano unavyotokea, na akapewa Nobel mwaka 1967.

Kitu ambacho video haikusema, na mi sikukijua, ni jinsi moto wenyewe ulivyo wa polepole. Protoni moja pale katikati kwa wastani inasubiri mabilioni ya miaka kabla haijafanikiwa kuungana na mwenzake. Ukichukua mita moja ya ujazo kutoka kiini cha jua, inatoa chini ya wati 300, yaani kama lundo la mboji linalooza. Mwili wako hapo ulipokaa, ukilinganisha ujazo kwa ujazo, unatoa joto zaidi ya kiini cha jua. Jua linawaka vile kwa sababu ni kubwa mno, basi, na ule upole wake ndo unaolifanya lidumu.

Sawa, hizo zote ni hesabu za mezani. Mdogo wangu aliniambia hivyohivyo, "kaka hizo ni hesabu, nani kaona?" Na ana haki. Mwanga tunaouona umetoka juu juu, ile nguvu ya katikati inachukua makumi ya maelfu ya miaka kujipenyeza mpaka nje, ikigongwa huku na kule. Kwahiyo mwanga haukuambii leo ndani kuna nini. Ila muungano wa haidrojeni unatoa kitu kingine, nyutrino, vichembe ambavyo havigusani na chochote kirahisi. Vinatoka katikati ya jua mpaka nje kwa sekunde mbili na kidogo, dakika nane baadaye viko hapa. Bilioni kama 65 vinapita kwenye ukucha wa kidole gumba chako kila sekunde, usiku na mchana, na usiku vinapita kwenye dunia nzima kwanza alafu vinakupitia kutokea chini.

Sa hapa kuna mzee mmoja nataka nimsimulie taratibu, Raymond Davis wa Marekani. Miaka ya 1960 alishuka kwenye mgodi wa dhahabu wa Homestake, South Dakota, karibu mita 1,500 chini, akaweka tangi la lita kama 380,000 za dawa ileile ya madraiklina ya kusafishia nguo. Dawa hiyo ina klorini nyingi, na mara chache sana nyutrino ikiigonga atomi ya klorini inaigeuza kuwa agoni. Mara chache kiasi gani? Kama atomi moja kila siku mbili. Moja! Ndani ya tangi zima! Alichokuwa anafanya ni kusubiri wiki kadhaa, alafu anapitisha gesi ya heliamu kwenye ile dawa ili ikokote zile atomi chache za agoni, anazinasa kwenye mkaa uliogandishwa kwa baridi kali, anaziingiza kwenye kijichupa cha kupimia kidogo kuliko kidole, alafu anakaa kusikiliza zikioza mojamoja, maana agoni hiyo nusu yake huisha kwa siku 35. Atomi kumi, kumi na tano, kutoka kwenye tani zaidi ya 600 za kimiminika. Na hakuziamini tu, aliingiza kwa makusudi kiasi cha agoni anachokijua alafu akaitoa tena aone kama inarudi yote. Ilirudi.

Mwaka 1968 akatoa majibu na yakawa mabaya. Rafiki yake John Bahcall alikuwa amepiga hesabu nyutrino zinatakiwa kuwa ngapi, na Davis akazikuta kama theluthi moja tu. Theluthi mbili hazipo. Wengi wakasema Davis kakosea kipimo, wengine wakasema Bahcall kakosea hesabu, na kuna waliofikia kuuliza kama tanuru la katikati limezima na sisi tunaota joto la zamani linalomalizikia kutoka. Ubishi huo ulidumu zaidi ya miaka thelathini. Davis akaendelea kuzihesabu atomi zake mpaka miaka ya 1990 na namba haikubadilika, theluthi, theluthi, theluthi.

Kumbe wote wawili walikuwa sahihi. Nyutrino ziko za aina tatu, jua linatengeneza aina moja tu na tangi la Davis lilikuwa linaiona hiyo moja tu, ila njiani zinabadilika kutoka aina hii kwenda ile. Bruno Pontecorvo alishalisema hilo mapema lakini halikuwa na ushahidi. Mwaka 2001 na 2002 maabara ya Sudbury kule Canada, kilomita mbili chini kwenye mgodi wa nikeli, tani 1,000 za maji mazito (maji ambayo haidrojeni yake ni ile aina nzito zaidi), ikahesabu aina zote tatu kwa pamoja. Jumla ikaja sawa na ya Bahcall. Ile aina moja peke yake, theluthi. Davis akapokea Nobel mwaka huo 2002 akiwa na miaka 88. Nilivyosoma hapo nilifunga laptopu nikatoka nje nikatembea.

Na haikuishia hapo. Maabara ya Borexino, chini ya mlima Gran Sasso Italia, mwaka 2014 ikanasa nyutrino za ile hatua ya kwanza kabisa ya protoni kuungana na protoni, na nguvu inayoonyeshwa na nyutrino ilikubaliana na nguvu ya mwanga wa jua tunaoupima. Super-Kamiokande ya Japani ina picha ya jua iliyotengenezwa kwa nyutrino tupu, kwa kukusanya takribani siku 500, usiku zikiwemo. Nilimtumia mdogo wangu hiyo picha. Ni doa tu la njano lenye ukungu, halina uzuri wowote, lakini ni jua limepigwa picha wakati liko upande wa pili wa dunia, na kinachoonekana siyo uso wake, ni mle ndani.

Umeme wa kutoka nje hauwezi kukupa hiyo. Wanaoutetea husema labda muungano unatokea huko juu ya uso, lakini nyutrino zina viwango vyao vya nguvu, na zile zinazotoka kwenye boroni inayotengenezwa na huo muungano idadi yake inapanda na kushuka vibaya sana joto likibadilika hata kidogo, na idadi iliyopimwa ni ya nyuzi milioni 15. Tena uso wa jua unabadilikabadilika kwa mzunguko wa miaka 11, madoa yake meusi yanakuja na kuondoka, wakati Super-Kamiokande imezihesabu nyutrino kupita mzunguko huo bila kuona zikiyafuata madoa. Kinachozitoa hakijali juu kunaendelea nini.

Siwezi kusema mle ndani kila kitu kimefungwa. Kiasi gani cha oksijeni na kaboni kipo kwenye jua bado kuna mvutano, vipimo vya mwanga vya miaka ya 2000 vilishusha kiwango, na ukikitumia hicho kwenye hesabu, mitetemo ya sauti inayopita ndani ya jua haikubaliani vizuri. Lakini huo ni ubishi wa chumvi imezidi au imepungua, chakula kinajulikana ni nini.

Sasa korona, na hapa ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Tarehe 7 Agosti 1869 jua lilipatwa kule Marekani, na Charles Young na William Harkness, kila mtu kivyake, wakaona kwenye mwanga wa korona mstari wa kijani usiolingana na elementi yoyote inayojulikana. Watu wakadhani ni elementi mpya, wakaibatiza koroniamu. Ikakaa hivyo miaka 70. Ndo Grotrian mwaka 1939 na Bengt Edlén wa Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1940 wakatambua kwamba ni chuma. Chuma cha kawaida, ila kimenyang'anywa elektroni 13 kati ya 26 zake, na ili chuma kipoteze nusu ya elektroni zake kunatakiwa nyuzi zaidi ya milioni. Mtu hakwenda na kipimajoto kule, chuma chenyewe ndo kilitoa ushahidi.

Je hiyo inavunja sheria ya joto? Hili ndo lilinisumbua zaidi. Ni kweli joto lenyewe haliwezi kutoka kwenye baridi kwenda kwenye moto. Ila nguvu inaweza kusafiri ikiwa siyo joto. Shika waya wa pasi, hauunguzi, pasi iliyo mwisho wa waya inaunguza. Kwenye jua anayebeba ni sumaku. Chini ya uso gesi inachemka na kujipindua, na nyaya za sumaku (siyo waya wa kweli, ni njia ambazo nguvu ya sumaku inapita) zilizotokeza nje zinasukwasukwa na huo mchemko, kwahiyo nguvu inapanda juu kama mtikisiko na msokotano, ikifika kwenye korona inageuka joto.

Na nguvu inayohitajika ni ndogo kuliko namba milioni inavyotisha. Korona ni nyembamba mno, hewa tunayovuta ni nzito kuliko hiyo zaidi ya mara bilioni 10. Fundi akikata chuma kwa grenda zile cheche zina joto kuliko sufuria ya maji yanayochemka, zinamwangukia mkononi anaendelea na kazi, jaribu na sufuria uone. Ukipiga hesabu, kuipasha korona pale jua likiwa limetulia ni wati kama 300 kwa kila mita ya mraba, na juu ya madoa labda wati elfu 10, wakati uso wenyewe unamwaga wati milioni 63 kwenye mita hiyohiyo. Kwahiyo nguvu ya kutosha na kubaki iko palepale chini, hamna haja ya kuiagiza nje.

Umeme upo kwenye korona, hilo video ilipatia, sumaku ikisokotwa lazima mikondo ya umeme iwepo. Ila kama jua zima lingekuwa linalishwa kutoka nje, tungeona elektroni zinamiminika kwenda ndani kwa wingi usiosemeka. Chombo cha Parker kilichorushwa Agosti 2018 kiliingia kwenye korona mwaka 2021, na tarehe 24 Desemba 2024 kikapita kilomita milioni 6.1 tu kutoka kwenye uso, kikiwa na vifaa vya kuhesabu hizohizo elektroni na protoni. Inachokutana nacho ni upepo wa jua unaotoka, chaji hasi na chanya zikiwa zimelingana.

Ubishi halisi ni mwingine. Kambi moja inamfuata Hannes Alfvén, aliyesema mwaka 1942 kwamba nyaya za sumaku zinaweza kupitisha mawimbi kama kamba unayoitikisa, na mawimbi hayo yakivunjika huko juu yanaacha joto. Kambi nyingine inamfuata Eugene Parker, yuleyule ambaye chombo kilipewa jina lake, aliyependekeza kwamba nyaya zinasokotana mpaka zinakatika na kujiunga upya, na kila mkatiko ni mlipuko mdogo usioonekana mmojammoja ila ni mingi mno, kila mahali, kila wakati. Ugumu ni kwamba vyote vinatokea, na vipo kwenye vipimo kidogo kuliko darubini inavyoweza kuona vizuri, kwahiyo swali siyo kipi kipo, ni kipi kinabeba mzigo mkubwa na wapi. Februari 2022 chombo cha Parker na kingine cha Solar Orbiter vilipita kwenye mkondo mmoja wa upepo, mmoja karibu na jua na mwingine mbali zaidi, na mawimbi yaliyokuwa na nguvu kwenye cha kwanza yalifika yamedhoofika kwenye cha pili wakati upepo umeongezeka kasi na joto lake limekuwa juu kuliko ilivyotarajiwa. Hapo kambi ya Alfvén ilipata pointi kubwa.

Mdogo wangu sasa hivi ameacha kuongelea bulbu. Aliniuliza juzi niko upande gani nikamwambia kwenye upepo wa jua naenda na mawimbi, ila pale chini juu ya madoa, penye wati elfu 10, nampa Parker, mawimbi peke yake naona hayafiki. Ye anasema yanafika na kwamba mi nampenda tu Parker kwa sababu wakaguzi wa jarida walilikataa andiko lake la upepo wa jua la mwaka 1958 akaja kuonekana yuko sahihi. Amenitumia kurasa nyingine tatu za kusoma na bado sijamjibu.